Eti Ukijitolea Hospisi Unajiletea Nuksi?

Taja barazani, kwenye kikao cha vikoba au ndani ya daladala kwamba unataka kujitolea kuwasaidia wagonjwa wa hospisi, halafu tega sikio. Mmoja atakuuliza umesomea unesi wapi. Wa pili atakuonya kuhusu nuksi. Wa tatu, ambaye siku zote ndiye mwenye sauti kubwa, atakuambia kwamba kule watu hupewa dawa ya kuwamalizia. Hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga hospisi, ila kila mmoja ana shemeji aliyesikia kwa mtu.

Maneno haya nawe umeyasikia. Tuyapime. Mengi yataanguka, lakini machache, hasa yale ya bibi zetu, yatasimama, na tutayapa haki yake.

"Hospisi ni nyumba ya kwenda kufia."

Si kweli. Kwetu Afrika Mashariki hospisi nyingi hazina hata wodi. Nairobi Hospice, iliyofunguliwa mwaka 1990 katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, huwaona watu wanaokuja kliniki na kurudi makwao. Wasioweza kutoka hufuatwa nyumbani. Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman jijini Kampala mwaka 1993, nayo ilijengwa juu ya safari za majumbani: gari, nesi na mkoba wa dawa. Arusha, timu ya Hospitali ya Selian huwafuata wagonjwa hadi vijijini. Mgonjwa analala kwenye kitanda chake mwenyewe, anasikia wajukuu wakigombana uani, na huko ndiko anakokwenda mtu wa kujitolea.

Wala si lazima mtu awe ukingoni ndipo aanze tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ambayo ndiyo inayotolewa na hospisi. Mwaka 2010 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Boston kuhusu wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Wale waliochanganyiwa tiba shufaa mapema na matibabu yao ya kawaida walipungukiwa na sonona, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.6, wakati kwa wenzao ilikuwa miezi 8.9. Ni ugonjwa mmoja na hospitali moja, kwa hiyo tusiupigie utafiti huo tarumbeta. Lakini unatosha kumnyamazisha yule wa tatu wa daladalani.

Tatizo la kweli ni uchache wa huduma yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu.

"Kama huna unesi utakuwa unasumbua watu tu."

Si kweli, na huu ndio uvumi unaopoteza mikono mingi kuliko mwingine wote. Fikiria nyumba yenye mgonjwa aliyelala kitandani miezi minane. Mkewe hajalala usiku mzima. Mashuka yamelowa, ndoo za maji zimekauka, mtoto wa darasa la tatu hana wa kumsainia daftari, na foleni ya benki inamsubiri mtu ambaye hawezi kutoka. Hapo nesi anahitajika kwa nusu saa. Jirani mwenye ratiba anahitajika kwa siku nzima.

Basi kaa na mgonjwa saa mbili ili anayemuuguza akaoge na kulala. Fua. Chota maji. Mpeleke kliniki kwa bajaji na umrudishe. Mnyoe ndevu akikuruhusu. Msomee Yasini au Zaburi, kile alicho nacho yeye moyoni na si ulicho nacho wewe. Washa redio msikilize mpira, kwani mtu hageuki kuwa ugonjwa wake. Kama alikuwa shabiki wa Simba bado ni shabiki wa Simba. Wengine hutaka kurekodi maneno kwa simu ili watoto waje kuyasikia wakikua, na kinachokosekana ni mtu mwenye subira wa kuishika hiyo simu.

Na ikiwa chumba cha mgonjwa kinakutisha, hospisi ina ofisi. Kuna faili za kupanga, simu za kupokea, magari ya kuendeshwa, mapazia ya kushonwa na mabomba yanayovuja. Fundi bomba anayetoa Jumamosi moja kwa mwezi anahesabika sawa na anayeshika mkono wa mgonjwa. Marekani jambo hili limeingizwa hadi kwenye kanuni: hospisi inayolipwa na bima ya serikali ya Medicare lazima iwe na wanaojitolea, na saa zao zisipungue asilimia 5 ya saa zote za kuwahudumia wagonjwa.

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, unatoka nchi isiyo tajiri. Katika jimbo la Kerala, India, watu wa kawaida, wakiwemo walimu, wenye maduka, wanafunzi na wastaafu, walijiunga katika mitandao ya mitaa, wakafunzwa, wakaanza kuwatafuta wagonjwa waliolala ndani bila msaada. Madaktari na manesi wakawa wanafuata nyuma yao. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikatunga sera ya tiba shufaa juu ya msingi huo. Uganda nako, wanavijiji waliofunzwa na Hospice Africa Uganda wamekuwa ndio wanaojua nani anaumwa kichochoro gani, na watafiti waliowachunguza wakawaita daraja la kwenda hospisi.

Ila kuna mipaka, na haijadiliwi. Hugusi dawa, hufungi vidonda kama hukufunzwa, hukopi wala hukopeshi, na hupigi picha ya mgonjwa hata kama ni ya kuombea dua kwenye kundi la WhatsApp.

"Hiyo ni kazi ya wanawake."

Si kweli hata kidogo. Mzee wa miaka sabini hataki kuogeshwa na binti asiyemjua, na kwa familia nyingi za Pwani hilo haliwezekani kabisa. Akikosekana mwanamume wa kujitolea, mzee anabaki bila kuoga. Wanaume, mnasubiriwa.

"Kansa inaambukiza, ukikaa karibu utaondoka nayo."

Si kweli. Kikombe, shuka, jasho au mkono wa mgonjwa havikupi saratani. Vipo virusi vinavyoweza kuanzisha baadhi ya saratani, kama kile cha HPV kwa mlango wa kizazi na cha homa ya ini aina ya B kwa ini, lakini hivyo havirukii mtu aliyeketi kitini akisoma gazeti. Kifua kikuu ni habari nyingine: hospisi itakuambia mapema na utavaa barakoa, dirisha likiwa wazi. Kwa damu, matapishi na choo, glavu na sabuni. Basi.

"Utajiletea nuksi nyumbani."

Si kweli. Kama kukaa karibu na wanaokufa kungeua, manesi wa hospisi na waosha maiti wa misikiti yetu wangekwisha zamani. Unachoweza kurudi nacho nyumbani ni uchovu na huzuni, na hivyo ni vya kweli. Ndiyo maana hospisi nzuri huwa na kikao cha wanaojitolea kuzungumza yaliyowakuta. Usikikose kwa kujifanya mgumu.

"Mofini ni dawa ya kumalizia mtu. Au itamfanya teja."

Si kweli, yote mawili. Hapa tukae kidogo, maana uvumi huu ndio unaowaacha watu wakilia usiku huku chupa ya dawa ikiwa kabatini.

Chanzo chake kinaeleweka. Kwa miaka mingi mofini ilitolewa dakika za mwisho kabisa. Jirani akaona: kapewa Jumatatu, kafa Jumatano. Akajumlisha. Lakini aliyemuua ni ugonjwa. Mofini ilichelewa tu kuitwa. Ikianzwa kwa kipimo kidogo, ikaongezwa taratibu kulingana na maumivu chini ya mtu aliyefunzwa, haifupishi maisha. Kuhusu uteja, mwili wa mgonjwa unaweza kuizoea dawa, na ndiyo sababu haikatishwi ghafla, lakini kuizoea ni tofauti na ile kiu ya anayejidunga kichochoroni. Mgonjwa anaomba dozi kwa sababu anaumwa. Maumivu yakipungua, dozi nayo hupunguzwa. Kero anayoipata karibu kila atumiaye ni choo kuwa kigumu, na kwa hilo hupewa dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza.

Mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza kabisa, ya mwaka 1977. Merriman alipofika Uganda alikuja na namna rahisi ya kuitengeneza: unga wa mofini uliochanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe, kijani ikiwa ile hafifu. Mgonjwa anakunywa kwake, hakuna sindano. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuwaruhusu manesi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika, kwa sababu kumsubiri daktari kijijini ilikuwa ni sawa na kuamua kwamba mtu aumie.

Inafaa pia ujue namna hii ya kuitoa kwa kunywa ilivyojulikana. Mwaka 1948 mwanamke wa Kiingereza, Cicely Saunders, aliyeacha unesi kwa sababu ya mgongo, alianza kwenda jioni kujitolea katika nyumba ya St Luke's jijini London. Pale aliona wagonjwa wakipewa mofini ya kunywa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kusubiri walie kwanza. Akaenda kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's, hospisi iliyofundisha dunia. Alichokiona kwenye zamu za kujitolea kilichangia kumpeleka chuoni.

Wewe kazi yako ni nini hapo? Huipimi, huiongezi, huipunguzi. Lakini unaweza kugundua kwamba chupa inakaribia kwisha siku ya Ijumaa, ukampigia nesi kabla ofisi haijafungwa. Unaweza kuchora jedwali la kila baada ya saa nne ukalibandika ukutani, na kuona kama chupa iko mbali na watoto. Na shangazi anapoanza kunong'ona jikoni kuhusu dawa ya kumalizia, unaweza kumwomba amuulize nesi ana kwa ana.

"Mgonjwa haulizwi uji."

Kweli kwa malaria, si kweli kwa anayefikia mwisho. Waliotunga methali hii walimwona mtu mwenye homa, asiye na hamu ya kula, ambaye mwili wake unahitaji nguvu za kupona. Kwake yeye, mletee uji bila kuuliza. Wahenga walikuwa sahihi na bado wako sahihi.

Lakini katika wiki za mwisho za saratani au moyo ulioshindwa, mambo hugeuka. Mwili huacha kutaka chakula kwa sababu hauwezi tena kukitumia. Mgonjwa hafi kwa sababu hali. Haoni njaa kwa sababu anakufa. Ukimlazimisha kijiko atapaliwa, atatapika, au uji utaingia mapafuni na kumletea nimonia. Nimewaona kina mama wakimbana taya mtoto wao mtu mzima kwa mapenzi tupu, na sina hukumu ya kuwapa. Uji ndio lugha waliyokuwa nayo.

Kwa hiyo mgonjwa huyu aulizwe uji. Akisema vijiko viwili, ni viwili. Akisema anatamani soda baridi, na nesi hana kizuizi, mpe soda. Akikataa, heshimu. Mikono ya mama isibaki mitupu: mwonyeshe namna ya kulowesha midomo ya mgonjwa kwa kitambaa laini na maji safi, kumpaka mafuta miguuni, kumgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoke vidonda. Hiyo yote ni kulisha kwa njia nyingine, na inamfikia.

Usimwambie kamwe anayemuuguza kwamba mgonjwa hali kwa sababu "hambembelezi vizuri". Sentensi hiyo atabaki nayo miaka.

"Mgonjwa asiambiwe ukweli, atakata tamaa."

Nusu. Mara nyingi mgonjwa anajua zaidi ya tunavyodhani. Anaona tunavyonyamaza anapoingia nesi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na familia iliyoficha hujikuta haijaaga, haijui deni liko wapi wala hati ya shamba imehifadhiwa wapi. Lakini wapo wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao.

Nusu ya pili inakuhusu wewe: si kazi yako kutangaza. Akikuuliza, "Mwanangu, hivi nitapona?" usimdanganye kwa "utapona tu mzee", wala usijigeuze daktari. Mrudishie: "Wewe mwenyewe unaonaje, baba?" Kisha nyamaza, na nyamaza kweli. Atakachosema, mwombe ruhusa umfikishie nesi.

"Kuandika wosia ni kujitabiria kifo."

Si kweli, na wajane wanaopokonywa masufuria watakuhakikishia. Tanzania wosia unaweza kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Wewe usiuandike, usiwe shahidi wake, na hakikisha jina lako halimo. Mletee mwanasheria au msaidizi wa kisheria.

"Akishakata kauli hasikii tena."

Si kweli, kwa kadiri tunavyojua, na hapa wazee wetu waliwatangulia wenye mashine. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha kazi waliyoifanya na wagonjwa wa hospisi moja ya Vancouver. Walipima umeme wa ubongo huku wagonjwa wakisikilizishwa milio yenye mpangilio uliobadilika ghafla. Kwa baadhi ya wagonjwa waliokuwa hawaitikii tena chochote, saa chache kabla ya kufa, ubongo bado uliitambua milio ile karibu kama ubongo wa mtu mzima wa afya. Kama wanaelewa maneno, kipimo hicho hakikuweza kusema. Kwamba sauti inafika, kilionyesha.

Basi wanaomlakinia mgonjwa shahada sikioni hawasemi na ukuta, na wanaoimba pambio kando ya kitanda wana msikilizaji. Kwa sababu hiyo hiyo, ugomvi wa mazishi yatafanyika wapi na nani atachinja ng'ombe uhamishiwe nje. Ukiingia zamu, taja jina lako, sema saa ngapi, sema unachotaka kufanya kabla ya kumgusa.

"Anayekata roho asiachwe peke yake."

Kweli. Kila kabila na kila dini ya pwani na bara inalijua hili, na hospitali za kigeni zililazimika kulijifunza upya. Mwaka 2001 nesi Sandra Clarke wa hospitali moja ya Eugene, Oregon, alianzisha mpango wa wanaojitolea kukaa kwa zamu na wagonjwa wasio na ndugu, ili asife mtu pasipo mtu, na hospitali nyingi zikauiga. Kwetu nako wapo wazee walioishiwa na ndugu mijini, wakimbizi, na vijana waliokwenda kutafuta maisha mbali.

Nyongeza moja tu: kuna wanaosubiri kila mtu atoke kwenda kunywa chai, kisha wanaondoka. Hutokea mara nyingi kiasi kwamba manesi wameizoea. Ikikutokea kwenye zamu yako, hukufanya kosa.

Na adabu ya zamani ya kutokaa sana kwa mgonjwa? Kweli pia, kwa wageni. Anayekaa saa tatu akihadithia jinsi mjomba wake alivyokufa kwa ugonjwa huo huo ni mzigo. Mwenye zamu ni suala jingine, kwa sababu ameombwa.

"Moyo ukiwa safi, unaanza kesho."

Si kweli. Utahojiwa, utaombwa watu wa kukudhamini, utafunzwa, na utatia saini ya kutunza siri. Hii ya siri ndiyo ngumu, maana mtaani kwetu habari ya mgonjwa hufika sokoni kabla ya nesi. Ukiwa umefiwa karibuni, hospisi nyingi zitakuomba usubiri, mara nyingi mwaka mzima, usije ukamlilia wako kwenye kitanda cha mwingine. Kisha inabaki sifa inayotafutwa kuliko zote, nayo ni kufika siku uliyosema utafika. Mwenye huruma nyingi anayetokea mara moja na kupotea huacha mgonjwa akitazama mlango.

"Baada ya mazishi kazi imekwisha."

Si kweli. Wiki ya matanga nyumba ina watu, sufuria kubwa na turubai. Baada ya arobaini turubai limerudi kwa mwenyewe, na ndipo mjane anapoanza kuulizwa kodi. Kuna cheti cha kifo cha kufuatilia, ada za watoto, na kwa Mwislamu eda ya miezi minne na siku kumi, ambapo mwanamke mmoja wa kujitolea anayepita kila wiki anakuwa dirisha lake la nje. Hospisi nyingi huendelea na familia kwa muda baada ya msiba, na wanaojitolea ndio wanaozifanya hizo safari. Huhitaji hotuba. Mtaje marehemu kwa jina lake. Wengine wote wameshaanza kuliogopa.

Jumamosi ya pili ya Oktoba kila mwaka ni Siku ya Hospisi na Tiba Shufaa Duniani, na hospisi nyingi huzitumia siku hizo kujitangaza. Usisubiri Oktoba. Uliza kitengo cha tiba shufaa katika hospitali yako ya rufaa, Taasisi ya Saratani Ocean Road kama uko Dar es Salaam, Coast Hospice kama uko Mombasa, mafunzo ya wanaojitolea yanaanza lini. Wakikuambia Jumanne saa tatu asubuhi, fika saa tatu kasoro.